Skrinishoti zinatoka zimevutwa na kukatwa nikiweka ukuzaji wa 125% (Ubuntu 24.04, Wayland)

mwezeshaji_moro

Wakuu, habari za jioni. Nina shida ya skrinishoti na imenichukua wiki mbili sasa. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo.

Mimi ni mwezeshaji wa vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, hapa Morogoro. Nawafundisha waweka hazina kuhamisha daftari la hisa na mikopo kutoka kwenye kaunta buku kwenda LibreOffice Calc, programu ya majedwali. Naandaa kitini cha kurasa 31 kwa Kiswahili, na ndani yake kuna skrinishoti 46. Wengi wa hao akina mama hawajawahi kugusa kompyuta kabla ya mafunzo, kwa hiyo wakifika nyumbani picha ndiyo mwalimu wao. Wanaweka kidole juu ya picha, wanatazama kioo, wanabonyeza.

Laptopu yangu ina kioo cha inchi 14 chenye pikseli 1920×1080. Kwa asilimia 100 maandishi ni madogo mno kwa macho yangu. Kwa asilimia 200 dirisha la Calc linajaa vitufe, safu za hesabu zinabaki chache. Nikaingia kwenye mipangilio ya skrini, nikawasha ukuzaji wa desimali, nikachagua 125. Macho yakapata nafuu siku hiyohiyo. Skrinishoti ndizo zikaharibika.

Natumia programu ya skrinishoti ya Flameshot 12.1 iliyomo kwenye hazina ya programu ya Ubuntu, kwa sababu ina mishale na namba za kuonyesha hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikiiita, skrini nzima inavutika, kama mtu amesogeza uso karibu na kioo. Upande wote wa kulia na wa chini unapotea. Siwezi kuchagua chochote kilichoko kule, na laha za Calc ziko kulekule chini.

Shida ya pili. Nikichomeka kioo changu cha nje cha inchi 22 (nacho ni 1920×1080, nimekiacha asilimia 100) na kupiga picha kwa kitufe cha Print cha GNOME yenyewe (eneo-kazi la Ubuntu), picha haikatwi, ila herufi zina ukungu. Kwa macho naona kioo kiko safi kabisa. Ukungu uko kwenye picha tu.

Nieleze kwa nini siwezi kuuacha ukungu huo upite. Mwezi uliopita nilichapa kurasa chache za majaribio. Kwenye picha ya fomula ya jumla ya hisa, `=SUM(C4:C15)`, nukta mbili ilitoka imefifia. Mama mmoja akaisoma kuwa nukta mkato, akaandika `=SUM(C4;C15)`. Calc haikumkatalia, maana kwake hiyo ni fomula halali: ilijumlisha seli mbili tu, mwanachama wa kwanza na wa kumi na mbili, ikawaacha kumi wa katikati. Akaona jumla ndogo kuliko fedha zilizomo kwenye sanduku la kikundi. Alinipigia simu usiku, sauti inatetemeka, akidhani amepoteza hesabu ya watu. Tangu siku ile sitaki picha yenye ukungu kwenye kitini changu.

Nimejaribu `QT_SCREEN_SCALE_FACTORS=1` na `QT_AUTO_SCREEN_SCALE_FACTOR=0` nilizokuta mtandaoni. Nimeondoa Flameshot na kuisakinisha upya mara tatu. Hakuna kilichobadilika. Nifanyeje?

---

kaka_wa_terminali

Mwalimu, pole sana, na hongera kwa kazi. Usisakinishe tena kitu chochote kwanza. Tupime picha. Fungua terminali, leta majibu ya amri hizi tatu:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

`gsettings get org.gnome.mutter experimental-features`

Halafu ingia kwenye folda ya picha zako:

`file *.png`

Hiyo ya mwisho itakupa upana na kimo cha kila picha kwa pikseli. Namba hizo zitatuambia nani amekosea, maana kwenye mambo ya ukuzaji kila programu ina kipimo chake na zote zinadhani ziko sahihi.

Na swali la pembeni: hizo kurasa za majaribio ulizipelekaje kuchapwa?

---

mwezeshaji_moro

Asante kaka. Ya kwanza inasema `wayland`. Ya pili `['scale-monitor-framebuffer']`.

Picha: ya Print bila kioo cha nje ni 1920 x 1080. Ya Print vioo vyote viwili vikiwa vimewaka ni 4320 x 1350. Hii ilinishangaza, maana 1920 mara mbili ni 3840, na hakuna kioo changu hata kimoja chenye kimo cha 1350. Nikichagua kioo cha nje peke yake napata 2400 x 1350. Ya Flameshot, nikiburuta kuanzia kona hadi kona ya kile ninachoruhusiwa kukiona, ni 1536 x 864.

Kurasa nilizipeleka dukani kwa WhatsApp, picha mojamoja, kwa sababu flashi yangu ilikuwa na virusi.

---

kaka_wa_terminali

Namba zako zimesema kila kitu. Nianze na WhatsApp ili tuimalize: ukituma picha kama picha, inabanwa na kuwa JPEG, na kingo za herufi ndogo ndizo za kwanza kuumia. Tuma kama hati, au tuma PDF ya kitini kizima. Inawezekana ile nukta mbili ilianza kufia humo. Lakini shida zako mbili za laptopu ni za kweli na ni tofauti, tuzitenganishe.

Flameshot. Kioo chako kina pikseli 1920×1080. Ukiweka 125%, GNOME inagawa kwa 1.25 na kuziambia programu kwamba uwanja wao ni 1536×864. Hicho ndicho kipimo cha mpangilio. Pikseli halisi zinabaki 1920×1080. Sasa, Flameshot 12.1 imejengwa kwa Qt 5 (maktaba ya kuchorea madirisha), na Qt 5 ndani ya GNOME kwa kawaida hupitia XWayland, ile njia ya programu za zamani za X11, mfumo wa kuchora skrini uliotangulia Wayland. Kule inaambiwa skrini ni 1536×864, ukuzaji ni 1. Kwa upande mwingine, Wayland, mfumo unaochora skrini yako sasa, hairuhusu programu kujichotea picha ya skrini nzima, hivyo Flameshot inaomba kwa lango la xdg-desktop-portal, na lango linaleta picha ya pikseli halisi, 1920×1080. Flameshot inaitandika picha hiyo kwenye uwanja wa 1536×864 pikseli kwa pikseli. Inayoenea ni asilimia 80 ya upana na asilimia 80 ya kimo. Kinachobaki kimemwagikia nje ya kioo, kulia na chini. Ndiyo maana unaona imevutwa, na ndiyo maana picha yako kubwa kuliko zote ilikuwa 1536×864 kamili.

Hapo utaona pia kwa nini vile vigezo vya QT havikukusaidia. Vinabadilisha namna Qt inavyohesabu ndani kwa ndani. Uwanja na picha vinaongezeka au kupungua pamoja, tofauti ya 1.25 kati yao inabaki palepale. Vinawasaidia watu wa X11 ambao Qt imewakuzia mara mbili. Dawa hiyo si ya ugonjwa wako.

Ukungu wa kioo cha nje. Skrinishoti ya GNOME inachora eneo lote la vioo vyako kama karatasi moja, na karatasi moja inakuwa na ukuzaji mmoja. Inachukua ule mkubwa kuliko wote, yaani 1.25 ya laptopu. Piga hesabu: 1536 ya laptopu na 1920 ya kioo cha nje ni 3456. Mara 1.25 ni 4320. Kimo 1080 mara 1.25 ni 1350. Kioo chako cha nje kina pikseli 1920 tu, lakini kwenye picha kimenyooshwa hadi 2400. Zile pikseli 480 za ziada hazikuwapo, zimekisiwa kutoka kwa jirani zao, na mkisio huo ndio ukungu. Hata ukichagua kioo cha nje peke yake, kinakatwa kutoka karatasi ileile.

Njia ya haraka: wakati wa kupiga picha kwenye kioo cha nje, zima kioo cha laptopu kwenye mipangilio. Au weka vyote viwili ukuzaji mmoja.

---

mie_na_plasma

Hujambo mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Mie nilihama GNOME kwa sababu kama hii hii, nipo KDE, eneo-kazi lingine. Spectacle, programu yake ya skrinishoti, inazungumza moja kwa moja na KWin, programu inayopanga madirisha kwenye skrini ya KDE, haipiti kwenye lango, na kwa kioo kimoja cha 125% picha inatoka na pikseli za kioo zilivyo. Ina mishale na namba pia, kwa hivyo Flameshot sijaikumbuka.

Nikuongezee asili ya tatizo. Wayland tangu mwanzo ilijua ukuzaji wa namba kamili tu: 1, 2, 3. Kompozita (programu kama KWin) haikuwa na namna ya kuiambia programu "jichore kwa 1.25". Ikaambiwa ijichore kwa 2, halafu ikapunguzwa. Itifaki ya wp-fractional-scale-v1 ilikuja Novemba 2022, na hata hiyo haitumi desimali: inatuma namba kamili ya kugawanywa kwa 120, yaani 125% inatumwa kama 150. Programu iliyoijua itifaki hiyo hujichora kwa kipimo chenyewe. GTK 3, maktaba nyingine kama Qt, haiijui, na LibreOffice ya Ubuntu inatumia GTK 3. Kwa hivyo Calc yako inachorwa mara mbili kisha inabanwa, hata unapoitazama tu.

Ukitaka kujaribu, angalia toleo. Kubuntu 24.04 (Ubuntu yenye KDE) inakuja na Plasma 5.27, ndiyo eneo-kazi lenyewe la KDE. Plasma 6 ilitoka Februari 2024 lakini ilikosa kuwahi toleo hilo, utaipata kuanzia Kubuntu 24.10.

---

njia_fupi

Kwa wanaotumia Sway, kipanga-madirisha kingine cha Wayland: `grim -g "$(slurp)" picha.png`. Nayo ina tabia ileile ya kuchukua ukuzaji mkubwa kuliko wote, ila ukiongeza `-s 1` unaiamuru wewe. Kwa GNOME haifanyi kazi, nimeandika kwa faida ya wengine watakaopita hapa.

---

mzee_wa_xorg

Mimi nilirudi Xorg (ile X11 ya zamani) mwaka jana kukwepa haya, sishauri. Ubuntu ikiwa Xorg na 125%, inachora eneo-kazi lote kwa ukuzaji wa 2 kwenye uwanja wa 3072×1728, halafu kadi ya michoro inaubana uingie kwenye 1920×1080. Flameshot inafanya kazi, kweli. Lakini skrinishoti inatoka na 3072×1728, feni ya laptopu inalia kutwa, na ukicheza video unaiona inasuasua. Isitoshe, kuanzia Ubuntu 25.10 hiyo seshoni ya GNOME kwenye Xorg haipo tena. Ukijenga kazi yako juu yake, utaibomoa baadaye.

Nilichobaki nacho mimi ni hiki: skrini asilimia 100, maandishi 1.25.

`gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.25`

Herufi zinakua, aikoni zinabaki ndogo kidogo. Kwa kuwa skrini yenyewe haijakuzwa, hakuna tena vipimo viwili vya kugombana. Flameshot inarudi kuwa nzima.

---

mwezeshaji_moro

Wakuu, nimekaa na majibu yenu siku tatu, nimejaribu kila kimoja na kukipima kwa `file` kama kaka alivyonielekeza. Naleta nilichokiona kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta sikupata mahali pamoja palipoandikwa kwa Kiswahili.

Kwanza nilifanya ya mzee_wa_xorg. Asilimia 100, maandishi 1.25, nikaita Flameshot. Skrini ikakaa palepale, haikuruka wala kuvutika. Nikaburuta kona hadi kona: 1920 x 1080. Nilifurahi nikamwita mume wangu aje aone, yeye aliona ni skrini tu. Laha za Calc chini zipo. Nikakuza ile fomula kwenye picha hadi nikaona viboksi vya pikseli: nukta mbili ni viboksi viwili vya giza na nafasi nyeupe katikati. Haiwezi kusomeka kama nukta mkato.

Kwa matumizi ya kutwa nzima, hata hivyo, sikuizoea. Aikoni za upau wa Calc zinabaki ndogo, na kwangu ile alama ya jumla na ile ya fomula ziko jirani, nakosea. Kwa hiyo nimeamua kufanya kazi kwa 125% kama kawaida, na ikifika zamu ya kupiga picha za mishale nabadilisha. Nimeandika amri mbili kwenye karatasi na kuibandika ukingoni mwa kioo. Ya kurudisha maandishi ni:

`gsettings reset org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor`

Ukuzaji wa skrini naubadilisha kwa mkono kwenye mipangilio, ni mibonyezo minne.

Pili, kitu ambacho hakuna aliyekitaja na mimi nimekipata kwa bahati. Nikiwa bado kwenye 125%, nilibonyeza Alt+Print badala ya Print, yaani picha ya dirisha moja tu. Nikaipima: pikseli zake ni mara mbili ya ukubwa wa dirisha kwenye kipimo cha mpangilio. Nilidhani nimekosea nikarudia mara tano. Halafu nikasoma tena maneno ya ndugu wa Mombasa: Calc inachorwa kwa 2 kisha inabanwa. Picha ya dirisha inachukuliwa kabla ya kubanwa! Kwa kioo ni kero, kwa kitini ni neema. Kwenye karatasi ya A4 nimeacha upana wa sentimeta 17 kwa picha. Picha ya pikseli 1920 ikikaa kwenye upana huo inachapwa kwa karibu pikseli 287 kwa inchi. Kipande cha pikseli 800 nilichokuwa nakikata kwenye skrini nzima kilikuwa kinaangukia karibu 120, na hapo ndipo herufi zilikuwa zinapauka. Sasa nalipunguza dirisha la Calc kwa mkono hadi libaki na safu ninazozihitaji tu, napiga Alt+Print, na kile kidirisha kidogo kinakuja na pikseli mara mbili. Herufi ni kali kama za kitabu.

Angalizo moja: picha hiyo inakuja na ukingo mtupu unaopenya mwanga, kwa ajili ya kivuli cha dirisha. Usipoukata, kwenye Writer picha inaonekana haijasogea ukingoni na utahangaika na pambizo bure. Nakata kwa GIMP, halafu mishale naiweka ndani ya Writer.

Kioo cha nje nacho kimepona. Nikizima cha laptopu, Print inatoa 1920 x 1080 safi. Vikiwaka vyote, inarudi 2400 x 1350 na ukungu wake.

Kaka, na dukani nimepeleka PDF kama hati.

---

kaka_wa_terminali

Mwalimu, hilo la Alt+Print nimelijaribu hapa kwenye kioo cha 150% na ni kweli, dirisha la GTK 3 limekuja na ukuzaji wa 2. Sikuwa nimeliwaza upande wa uchapaji kabisa, nimejifunza kwako. Ila usitarajie hivyo kwa kila programu: dirisha linalopita XWayland halichorwi mara mbili, linachorwa kwa 1 kisha linavutwa, kwa hiyo picha yake itakuja na pikseli chache kuliko unazoziona. Kama kitini kina picha za programu nyingine nje ya LibreOffice, pima kila moja.

Na Flameshot usiifute. Toleo la 13 limehamia Qt 6. Likifika kwenye hazina yako, rudia kipimo chako cha kona hadi kona. Ukiona namba haijafika 1920×1080, ripoti kwa wanaoitengeneza, na uwatajie toleo, ukuzaji, vioo vingapi, na namba zote ulizotuwekea hapa. Ni watu wanaojitolea, na ripoti nyingi wanazopata zinasema "picha imekatwa" basi.

---

mwezeshaji_moro

Nitafanya hivyo. Kiingereza changu cha kuandika si kizuri ila namba hazihitaji Kiingereza.

Picha za nje ya LibreOffice zipo mbili, za kidirisha cha kuchagua printa. Nimezipima sasa hivi, moja iko sawa, ya ukurasa wa 12 nitaipiga upya kwa asilimia 100. Nikimaliza ukurasa wa fomula namtumia kwanza yule mama aliyenipigia usiku, aniambie anasoma nini kati ya C4 na C15.

---

mwezeshaji_moro

Amejibu. Ameandika: "nukta mbili, moja juu moja chini."